Nyumba Zisizo na Rangi

Miaka ile nilikuwa na hofu mbili, na kila moja ilinivuta upande wake. Ya kwanza ilikuwa ukuta wa nyuma wa nyumba yetu. Ya pili ilikuwa ami yetu, nduguye baba, aliyekuwa akikaa Malindi. Ukuta ungeweza kuwaua wadogo zangu wawili. Ami angeweza kuwagawanya.

Hakuwa mtu mbaya. Baada ya arubaini ya mama, baba akiwa ametutangulia zamani, aliketi ukumbini kwetu Mji wa Kale, akanywa kahawa yake taratibu, kisha akasema, "Maadamu nyumba ipo, kaeni. Siku nyumba itakapokosekana, huyu wa kati ntamtwaa mimi, na yule mdogo atakwenda kwa shangazi yake Vanga. Wewe u mkubwa, wewe utaolewa." Alisema kama mtu apangaye mizigo kwenye buti la gari, bila chuki na bila kututazama. Mdogo wangu wa mwisho alinishika nguo kwa nyuma, na hakuniachia mpaka ami alipotoka.

Nyumba ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake boriti za mikoko, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Mbele ilipendeza. Kila Idi ikikaribia tulikuwa tukiupaka chokaa ukuta wa njiani, na mpita njia angedhani nyumba ni nzima kama yai. Lakini nyuma, chumbani walikolala wadogo zangu, kulikuwa na ufa uliotoka kwenye boriti ukashuka hadi sakafuni. Mwanzo ulikuwa kama unywele. Baada ya mvua za mwaka uliotangulia ukaanza kuingia kidole. Nilikihamisha kitanda chao upande wa pili, nikawaambia huko ndiko kwenye upepo. Nilipofagia asubuhi nilikuwa nikikuta chembe za chokaa chini, nami nikizifagia haraka kabla hawajaziona.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili kumuuguza mama. Nikajifunza kupiga chapa, nikafanya kazi kwenye kampuni ya malori Shimanzi, ambako kila kutwa niliandika namba za makontena mpaka masikio yakazoea kishindo cha magari. Mwisho wa miaka ya tisini nikapata kazi kwenye ofisi ndogo ya ramani, ghorofani juu ya duka la vitambaa, si mbali na kwetu. Tulikuwa watatu: mhandisi aliyetoka bara, ambaye kila mtu alimwita Injinia, mchoraji wa Kidigo aliyekuwa na maneno mengi kuliko wino, na mimi mpiga chapa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuitia ramani ya Mji wa Kale kwenye kompyuta, nyumba kwa nyumba. Kompyuta moja kubwa iliyowekwa pembeni, chini ya feni, ndiyo iliyokuwa ikizigawia nyingine ramani. Ukikaa popote ofisini ukaomba sehemu ya mji, ile kubwa ilikuchorea sehemu hiyo na kukuletea kiooni. Lakini haikuchora kwa akili zake. Ilisoma faili la maagizo, maandishi matupu, na kazi ya kuyaandika ilikuwa yangu. Nyumba zilikuwa na fungu lao, njia fungu lao, visima na misikiti vivyo hivyo. Kila fungu lilieleza jina, mahali data ilipo, na rangi ya kupaka kwa kila namba ya hali. Kila kilichofunguliwa kwa neno kilitakiwa kufungwa kwa neno. Ukisahau kufunga mahali pamoja tu, hupati ramani yenye kasoro. Hupati ramani kabisa. Unapata ukurasa mweupe na mstari mmoja wa Kiingereza usiokwambia umekosea wapi.

Niliuogopa ukurasa ule mweupe. Kila ulipotokea nilidhani ndiyo mwisho wa mshahara wangu, na mwisho wa mshahara ulikuwa ni ami mlangoni. Nilisoma mstari baada ya mstari kutafuta neno lililokosekana. Injinia hakunigombeza. Alisimama nyuma yangu akimumunya karafuu.

Hofu ile ndiyo iliyonifanya nitengeneze kiongezo. Programu tuliyokuwa tukiandikia maagizo iliruhusu mtu kuiongezea mambo yake, nami nikasoma maelezo yake kidogo kidogo, kamusi kwenye paja. Nilianza na kitufe kimoja: ukikibonyeza, fungu zima jipya lajiandika, mlango wa kuingilia na wa kutokea, wewe wajaza tu katikati. Nikaongeza rangi kwenye maandishi, maneno ya kufungua yawe buluu na ya kufunga yawe buluu ileile, jicho liyaone yanavyokwenda wawili wawili. Mchoraji alipoona akapiga makofi.

"Umeifundisha mashine adabu, dada. Sasa ifundishe na kupika chai."

"Chai utapika wewe. Mikono yako haina kazi tangu asubuhi."

"Mikono ya msanii hiyo. Haichomwi na birika."

Injinia alipenda kiongezo kile. Alisema, "Dada, kiongezee jambo moja. Kisome jedwali la data, halafu kituambie kama kuna namba yoyote ambayo hatukuiandikia rangi. Mashine hii haipigi kelele. Kitu kisicho na kanuni ya rangi haikichori, basi, inapita." Alinichorea kwenye karatasi jinsi ya kufanya, na ilinichukua muda mrefu kukiweka sawa.

Wakati huo wapimaji walikuwa wakizunguka mitaani kukagua nyumba. Moja ilikuwa nyumba nzima, nayo ilipakwa kijani. Mbili ilikuwa ina ufa, manjano, iwekewe nguzo. Tatu ilikuwa hatari, nyekundu, na nyekundu maana yake watu watoke kabla ya mvua za masika, ndipo mafundi waingie. Kila jioni nilirudi nyumbani nikiuliza kama wamefika kwetu. Jioni moja yule wa kati alinijibu huku akichambua mchele.

"Wamekuja. Wanaume wawili na ubao wa kuandikia. Wakauliza, baba yupo? Nkawambia hayupo. Mwanamume mwengine? Nkawambia hakuna."

"Wakaingia?"

"Waingie vipi, dada, na sisi tuko wenyewe? Walisimama barazani, wakaomba radhi, wakenda zao."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwanamume mgeni haupiti ukumbi ikiwa mwenye nyumba hayupo, na wapimaji wale walikuwa vijana wa mtaani waliolelewa vizuri. Nilimshukuru Mungu kwamba hawakuuona ufa. Kisha nikaiogopa ile shukrani yenyewe, kwa sababu wadogo zangu walikuwa wakilala mle chumbani.

Kiongezo kilipokuwa tayari, nililifungua fungu la nyumba, ambalo nililirithi kwa mtu aliyefanya kazi ile kabla yangu, nikabonyeza kitufe. Mstari ukatokea chini: namba tisa haina kanuni.

"Tisa ni nini?" nikauliza.

Injinia akasogea. "Tisa ni nyumba ambazo wapimaji hawakuingia. Kwani hazionekani?"

Hakuna aliyekuwa ameziona. Kwenye kioo palikuwa na nafasi nyeupe katikati ya kijani na manjano, nasi siku zote tulizichukulia kuwa mahame, viwanja vya nyumba zilizokwisha kuanguka. Mji wa Kale una mahame mengi. Injinia akaniambia niongeze kanuni ya mwisho, kapu la kila kilichobaki, na kiongezo kiiandike chenyewe kwenye kila fungu tangu siku hiyo. Nikachagua zambarau. Nikahifadhi, nikaomba ramani upya.

Nafasi zile zikajaa. Moja hapa, mbili kule, tatu zimefuatana kwenye kichochoro.

"Ebu!" mchoraji akasema. "Kumbe mji wetu ulikuwa kibogoyo, leo umetiwa meno."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama jino moja, kwenye pembe niliyoijua, na la pili lililoshikana nalo, nyumba ya bibi mmoja mjane jirani yetu. Nikayatazama mengine yote moja moja, nikazijua nyumba. Pale mjane. Pale mke ambaye mumewe yuko melini. Pale mama na binti zake. Kila mahali palipokuwa na wanawake peke yao, mji ulikuwa hauna kitu.

Injinia alivua miwani akaifuta. "Kamati ya kukarabati nyumba itakaa na ramani hii kabla ya masika. Nyumba isiyokaguliwa haitapata nguzo, haitapata lolote. Lazima mtu aingie humu." Akamgeukia mchoraji.

"Mimi? Niingie nyumba ya mke wa mtu na mumewe yuko baharini? Nikitwangwa na mchi, Injinia, utakuja kunizika Kwale?"

Nilisikia sauti yangu ikisema, "Ntaingia mimi." Nilijua kwamba nikiingia nyumba zote, nitaingia na ya kwetu.

Injinia alinifundisha. Alichanganya plasta laini kwenye kikopo, akanionyesha jinsi ya kuipaka baka dogo kukatisha ufa, kama bandeji. Plasta ikikauka haina mnyumbuko. "Uiache, urudi uitazame. Ikibaki nzima, ufa ni wa zamani, umelala. Ikipasuka, ukuta unatembea. Ukuta unaotembea ni namba tatu, hakuna mjadala."

Nikaanza na jirani. Bibi alinipokea mwenyewe, kanga begani.

"Hodi bibi. Sabalkheri."

"Alkheri mwanangu, karibu. Leo waja na kikopo, wanletea uji?"

"Ni plasta, bibi. Nataka kuubandika ukuta."

"Ukuta waumwa?"

"Ndiyo nataka kujua."

"Basi nibandike na mimi goti."

Alicheka, nami nikacheka, lakini nilipofika chumbani kwake kicheko kilinikauka. Ufa ulikuwa pale, mkubwa, ukishuka mahali palepale. Ulikuwa ni ufa wetu. Ukuta ule ulikuwa mmoja, wa shirika, sisi upande huu na yeye upande ule, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea hapo hapo. Nilikihamisha kitanda cha wadogo zangu zamani. Yeye hakuna aliyemhamishia chake.

Alinitazama nikipaka. "Nasikia mwaandika nyumba mpate kututoa," akasema, safari hii bila mzaha. "Mie sina pa kwenda, mwanangu. Mume kafa. Wanangu wako Uarabuni, simu yao yaja siku ya Idi."

Nilimsaidia kuvuta kitanda, kikaachana na ukuta, nikaenda nyumbani kupaka baka kama lile upande wetu.

Siku zilizofuata, huku nikizibandika na zile nyumba nyingine za zambarau, sikuwa na usingizi wala hamu ya chakula. Nilikuwa nikiamka na kwenda kwenye baka lile kabla ya kunawa uso. Lilikuwa zima. Nikirudi kazini nilikwenda tena kabla ya kuvua buibui. Zima. Nikaanza kuomba dua ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwa kuwa sikujua niombe nini. Likibaki zima, tutakaa. Likipasuka, tutatolewa, na ami atakuja kuchukua chake. Wadogo zangu waliniona nikienda na kurudi, wakadhani ni mambo ya kazi.

Ilikuwa siku ya mapumziko, nikifua uani, yule mdogo alipotoka chumbani.

"Dada, ile plasta yako imefanya mstari."

Nilikwenda na mikono ya povu. Mstari ulikuwa mwembamba sana, umekata baka katikati, wima. Niligusa kwa ukucha. Ncha zake mbili hazikulingana; upande mmoja ulikuwa umetangulia mbele kidogo. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni akinitazama usoni, nikamwambia ni sawa, nenda kacheze. Nilipotoka nikaenda kwa bibi. Kwake pia lilikuwa limekatika.

Nilijua vizuri kwamba hakuna mtu mwingine atakayeingia vyumba vile viwili. Ningeweza kuandika mbili, manjano, zikaletwa nguzo, sote tukabaki. Nililifikiria jambo hilo njia nzima ya kwenda ofisini. Nililifikiria nikipanda ngazi. Lakini kila nilipojaribu kuiona namba mbili nilimwona bibi amelala. Kama ungekuwa ukuta wangu peke yangu, sijui. Sina haja ya kujisifu kwa jambo ambalo sikujaribiwa nalo.

Nilifungua jedwali nikaandika tatu, mara mbili. Nikabonyeza kitufe cha kiongezo. Hakikusema lolote, kila namba ilikuwa na rangi yake. Nikaomba ramani. Zambarau mbili zikageuka nyekundu.

Injinia alikuwa nyuma yangu. "Hizi ni za nani?"

"Hii ya mjane. Hii ya kwetu."

Karafuu ikasimama mdomoni mwake. "Hukuniambia kuwa unakaa humu."

"Ndiyo nakuambia."

Alikwenda dirishani, akarudi. Akasema ataandika ukuta ule upewe mafundi wa kwanza, na kwamba zaidi ya hapo hana uwezo. Nilimwamini. Mchoraji aliniletea chai, ameipika mwenyewe, ikiwa na sukari nyingi mno.

Habari ilimfikia ami kabla ya karatasi ya kututoa kutufikia sisi. Alikuja mchana, akaketi palepale alipoketi baada ya arubaini. Wadogo zangu walijificha chumbani kwangu, nilisikia kitasa kikiguswa.

"Nimeambiwa wewe mwenyewe ndiye uliyeandika," akasema.

"Ni kweli, ami."

"Mtu aivunja nyumba ya babake kwa mkono wake!"

"Ukuta unatembea, ami. Ndoo uone."

Hakuja kuona. "Basi ni kama tulivyosema. Huyu wa kati akusanye nguo zake. Mdogo nimeshampelekea habari shangazi yake."

"Hawagawanywi."

Sikuwahi kumjibu mkubwa namna ile.

"Utawaweka wapi?"

"Nimepata chumba Majengo."

"Majengo! Wasichana watatu, peke yao, kwenye nyumba ya kupanga, hapana mtu mzima? Watu watasemaje? Wewe una kazi, kutwa hupo. Nani atawaangalia?"

Hapo hakunionea. Alikuwa amesema jambo ambalo mimi mwenyewe nililiogopa. Nilihisi kuwa nimekwisha kushindwa, kwamba atawaita, na kitasa kitafunguka.

Sauti ilitoka uani. Nyua zetu zilitenganishwa na ukuta mfupi, na bibi alikuwa amesimama upande wa pili, ametoa kichwa. Alikuwa amesikia yote, wala hakuona haya.

"Mtu mzima yupo," akasema. "Mie nami natolewa. Nlikuwa naomba Mungu anipe watu wa kukaa nao."

Ami akainuka kwa heshima, kwa sababu bibi alikuwa rika la mamake. "Bibi, wewe u mgonjwa wa goti."

"Goti ndilo, ulimi mzima. Wewe nenda kwako Malindi, mwanangu. Hawa ntakaa nao mie."

Ami akachukua kofia yake akasema, "Ntakuja kutazama. Nkiona mambo si mambo, ntawachukua, na hapana wa kunizuia." Akaenda zake.

Tulihama na mkokoteni mmoja, vitu vya nyumba mbili vimefungwa pamoja, bibi akitembea pembeni na kumkemea msukumaji kila gurudumu lilipoingia shimoni. Masika yalipoanza tulikuwa kwenye chumba kimoja, sote wanne, bati likipigwa juu yetu hata hatusikilizani.

Ukuta haukuanguka. Mafundi waliuwekea nguzo, ukasimama mvua yote. Ami alipokuja kututazama alianza na hilo: "Nyumba imesimama. Mlitoka bure." Sikujua kama ilikuwa bure. Hadi leo sijui. Alizungusha macho chumbani, kwenye mikeka, kwenye vitabu vya shule vilivyopangwa juu ya sanduku, kwa bibi aliyekuwa akimsuka nywele yule mdogo, nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi akamuuliza kama atakunywa chai au ataendelea kupima chumba. Akanywa chai. Alipoondoka aliniambia atakuja tena mwezi ujao, na akaja, na mwezi wa pili wake akaja, na kila nilipoisikia hodi yake niliwahesabu wadogo zangu. Lakini alikuwa akiondoka peke yake.